Chai ya kupunguza uzito haipunguzi ini

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 41, uzito kilo 128, urefu sentimita 163, na nina kisukari. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, na nimeambiwa nifuate mlo mkali wiki mbili kabla. Kama tumbo litakatwa, mlo wa nini tena? Shoga yangu kaniletea chai ya majani iliyomtoa yeye kilo 4 kwa wiki. Niinywe hiyo badala ya mlo? – Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Mama, chai hiyo usiinywe hata kikombe kimoja.

Wengi hudhani mlo huo ni mtihani wa mizani, kwamba kilo zikishuka kwa njia yoyote umefaulu. Sivyo kabisa. Tunachotafuta ni ini. Kwa mwenye uzito kama wako, ini mara nyingi limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto umeulalia mfuko wa chakula tunaotaka kuufikia kupitia matundu madogo. Kwenye skrini unaliona: la manjano, zito, kingo zimevimba. Ukilinyanyua kwa chuma linachanika na kuvuja damu. Hapo matundu madogo hugeuka mkato mkubwa, au mgonjwa hufungwa kazi haijafanyika. Wanga kidogo na protini ya kutosha kwa wiki mbili hulisinyaza.

Ukianza mlo, dawa zako za kisukari zipangwe upya na daktari, hasa kama unachoma insulini. Sukari inaweza kushuka ukazimia.

Chai hizo nyingi zina majani ya sena, yanayoharisha. Kilo za shoga yako kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayo huondoka na potasiamu. Potasiamu ikipungua, moyo unaweza kupiga ovyo ukiwa kwenye dawa ya usingizi.

Wauzaji huapa kuwa “ni majani tu”. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, lakini mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi ndani ya bidhaa za kupunguza uzito, haikuandikwa popote kwenye pakiti. Mteja mwenye presha atajuaje? Na hawaishii hapo: wanawafuata hata waliokwisha kupasuliwa, wakiwauzia unga “badala ya vidonge vya hospitali”, wakati vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya kutumia maisha yote.

Kama umeshaionja, mwambie mtaalamu wa usingizi mapema, si asubuhi ya upasuaji, na umpelekee pakiti yenyewe. Atakupima potasiamu.