Jibu: Mto kuchimbika chini ya kizuizi

Ndugu, umeuliza kwa nini sakafu ya mto inazidi kuchimbika upande wa chini wa kile kizuizi cha zege, na kwa nini samaki wamepungua. Chanzo kikubwa ni mchanga. Maji yakitulia nyuma ya ukuta huacha mchanga na kokoto hapo. Yakishaporomoka upande wa pili yana nguvu lakini hayana mzigo wa mchanga, basi huung'oa mchanga mwingine kutoka kwenye sakafu na kingo. Changarawe ndogo huondoka kwanza, yakabaki mawe makubwa tu. Samaki wanaotaga kwenye changarawe hukosa pa kutagia, na hili watu hulisahau sana.

Kumwaga mawe chini ya ukuta huulinda ukuta wenyewe, lakini mara nyingi mmomonyoko husogea mbele kidogo. Ngazi ya samaki, yaani njia ya vidato vya maji inayowawezesha samaki kuupita ukuta, nayo haipitishi mchanga.

Kama kizuizi hicho hakitumiki tena, mimi ningekiondoa. Kwenye mto Elwha, Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Mchanga ukashuka na kujenga upya ufuo mdomoni mwa mto, na samaki aina ya samoni wakapanda tena mtoni. Ila pimeni kwanza mashapo (mchanga, tope na kokoto) yaliyolundikana nyuma ya ukuta, maana yakiachiliwa kwa mkupuo hufukia mayai ya samaki huko chini.