Kabla fundi hajagusa giaboksi yako, muulize anamwaga oili gani

Juzi kijana wa Bungoma ameniandikia, "Boss, nimepata Nissan X-Trail ya 2008, oto, mwenyewe anasema iko sawa, nichukue ama nitafute manyuali?" Nimesoma hiyo meseji nikanyamaza kwanza, juu hiyo ndiyo gari niliyokuwa nayo na mpaka leo nikiiona barabarani roho inaniuma.

Mimi naishi Nakuru, nyumbani ni Ahero. Ile gari ilinibeba mwaka mzima bila shida. Siku moja nikaiacha gereji nikaenda kazini, jioni naambiwa "tumekubadilishia na oili ya giaboksi", nikafurahi hadi nikawaachia mia tano ya chai. Sikuuliza oili gani. Walikuwa wamemwaga ATF, ile nyekundu ya giaboksi za kawaida, na X-Trail ya kuanzia 2007, ile wanaita T31, oto yake ya petroli ni CVT na kitabu chake kinataka NS-2, oili ya Nissan ya CVT.

CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Iko na puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli zinabana na kuachia ndio mwendo ubadilike, na mkanda unashika puli kwa nguvu ya hiyo oili yake maalum. Weka ingine na mkanda unaanza kuteleza, chuma inakwaruza chuma na wewe ukiendesha husikii kitu.

Wiki tatu baadaye tunatoka matanga, mama yuko mbele, watoto nyuma, tumepita Awasi tumeanza kupanda kuelekea Kericho. Karibu na Kapsoit injini inalia, mshale wa mizunguko ya injini uko elfu nne, gari inatambaa tu. Nikakanyaga zaidi, na hilo ndilo lilimaliza kila kitu. D ya mbele haishiki, R ya nyuma haishiki, lori zinatupita zikipiga honi na mama ananiuliza, "Baba, kwani mafuta imeisha?" Nilishindwa kumjibu.

Brekidauni ikatuvuta hadi Nakuru. Mzee aliyefungua sampo, ile sinia ya oili chini ya giaboksi, alinitolea zile sumaku za ndani, zimevaa tope la kijivu kama jivu lililolowa maji, akasugua kwa kidole gumba nikaona linametameta. "Hiyo ndiyo giaboksi yako, kijana." Ingine ya eks-Japani ikanila 110,000, na ile gereji ya kwanza wakakana kabisa kwamba waliigusa.

Kwa hivyo ndugu zangu, muulize fundi oili gani. Simama hapo uone mkebe ukifunguliwa, usome jina kwa macho yako, ukiweza nunua mwenyewe uende nayo. Na usikubali mtu akuambie oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote, sisi tunapanda Mau Summit na mizigo na abiria sita, oili inachemka, inachoka. Giaboksi ya pili nilikuwa naibadilishia kila kilomita 40,000 na haikuwahi kuniangusha mpaka nikaiuza. Pia simamisha gari kabisa kabla ya kutoa R kuweka D, watu wengi wanaua giaboksi kwa geti lao wenyewe asubuhi. Lakini kubwa ni oili, nitarudia hata mkichoka.

Sasa wewe wa Bungoma. Kama unaogopa CVT, tafuta ile ya zamani, T30, oto yake ni ya gia nne na inavumilia, ama manyuali ya gia tano, hapo utalipia klachi tu. Lakini kama ni hiyo ya 2008 umependa, enda asubuhi kabla haijawashwa, mwenyewe asikupashie moto. Ipeleke mlima, sio tambarare, usikie kama injini inalia bila gari kuvuta. Halafu fundi wako atoe hiyo oili kidogo, ipanguse kwa tishu nyeupe na uinuse. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, rudisha ufunguo. Niandikie rangi uliyoona kabla hujatoa hata shilingi.