Samaki wa maji yanayogombaniwa: maswali yenu na majibu

Septemba 2025 serikali ya China ilitangaza hifadhi ya taifa katika mwamba wa Scarborough, Bahari ya China Kusini, mahali ambapo Ufilipino nayo inasema ni pake. Tangu niligusie jambo hilo hapa, maswali yamekuwa mengi. Nimeacha yaliyokuwa matusi matupu, nikachukua haya.

"Hifadhi ni hifadhi. China ikitaka kulinda matumbawe, Ufilipino inalalamikia nini?" (Msomaji, Moshi)

Scarborough uko kiasi cha maili 120 za baharini kutoka kisiwa cha Luzon cha Ufilipino, na ni mbali zaidi na pwani ya China. Tangu mvutano wa mwaka 2012, meli za China ndizo zinazoushikilia. Sasa, ukiitambua hifadhi ya mtu, umemtambua pia kuwa ana haki ya kuitangaza, kuweka walinzi na kumkamata anayeingia. Mvuvi wa Kifilipino ambaye babu yake alivua pale anageuka jangili kwa tangazo moja.

Jambo hili halikuanza na Scarborough. Tangu 1999 China hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya bahari hiyo kila mwaka, siku hizi kuanzia Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Kwa upande wa samaki ni uamuzi wenye maana, na sisi wenyewe tunafunga uvuvi wa pweza na tunaona faida yake. Lakini kila mwaka Vietnam na Ufilipino hupinga, kwa sababu mvuvi wa Vietnam akibaki nyumbani mwezi wa Juni itasemwa ameitii Beijing. Basi anahimizwa aende. Hapo ndipo ugomvi wa mipaka unapowaumiza samaki kuliko nyavu zenyewe: anayejizuia kuvua anahesabiwa ameshindwa.

Kama unaniuliza mimi, hifadhi ile ningeipokea kwa moyo mweupe zaidi kama mwamba huohuo usingechimbwa miaka ya nyuma mbele ya macho ya walinzi haohao. Nitalieleza hilo nikimjibu msomaji wa Tanga.

"Shikamoo. Bahari hiyo ina nini cha pekee kibiolojia? Naandika insha." (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Watafiti wamehesabu humo aina 571 za matumbawe yanayojenga miamba. Karibu yake ni Pembetatu ya Matumbawe, eneo la Indonesia, Ufilipino na majirani zao ambalo ndilo tajiri kuliko yote duniani, na Bahari ya China Kusini haiachwi nyuma sana. Aina za samaki wa baharini zilizoorodheshwa zinapita 3,000. Kuna kasa, papa, nyasi za bahari na mikoko kwenye kingo zake.

Andika pia habari ya upepo. Kama huku kwetu tulivyo na kaskazi na kusi, na kule upepo wa msimu hugeuka na mikondo ya juu hugeuka nayo. Mayai na vifaranga vya samaki huchukuliwa na maji. Mwanasayansi John McManus alieleza tangu miaka ya 1990 kwamba miamba ya Spratly, iliyo katikati ya bahari, huenda inazilisha pwani za pembeni kwa vifaranga hivyo. Kwa hiyo anayeua mwamba wa mbali anaweza kuwa anapunguza samaki wa kijiji chake mwenyewe, na hatajua.

"Sisi wa Tanga tunaijua baruti na tuliona ilivyofanya. Huko wanaharibuje?" (Msomaji, Tanga)

Baruti wanayo, na sumu ya sayanidi pia, hasa ya kukamatia samaki wakiwa hai kwa ajili ya mahoteli na matangi ya mapambo. Ila mambo mawili yaliyofanyika kule sisi hatujayaona kwa kiwango kile, na Mungu atuepushe nayo.

La kwanza ni uchimbaji wa chaza wakubwa. Chaza hawa hufika uzito wa zaidi ya kilo 200 na huweza kuishi miaka 100. Nyama yao imejaa vijimea vidogo vinavyowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndiyo maana hukaa maji mafupi, na ndiyo maana ni rahisi kuwafikia. Katika mji wa Tanmen, kisiwani Hainan nchini China, makombe yao yalichongwa kama pembe za ndovu, na pembe zilipoanza kubanwa bei ya makombe ikapanda. Chaza walio hai walipokwisha, wakafuatwa makombe ya waliokufa zamani, yaliyozama ndani ya mwamba. Namna ya kuyatoa ilikuwa hii: unatia nanga mashua, unaishusha rafadha ndefu hadi kwenye matumbawe, unawasha injini na kuzunguka nanga. Rafadha inasaga kila kitu kuwa changarawe, kisha mzamiaji anaokota. Picha za setilaiti zinaonyesha alama za mviringo, maelfu kwa maelfu, na eneo lililosagwa limekadiriwa kuwa zaidi ya kilomita za mraba 60. Kuanzia 2017 serikali ya Hainan ilipiga marufuku biashara hiyo, lakini tumbawe lililosagwa halirudi kwa amri ya serikali.

La pili ni ujenzi wa visiwa. Kati ya 2013 na 2016 China ilijaza miamba saba ya Spratly hadi ikapata ardhi ya kilomita za mraba 13 hivi, na mitatu kati ya hiyo (Fiery Cross, Subi na Mischief) ikawekewa viwanja vya ndege. Meli ya kuchimba ina mdomo wenye meno unaokata sakafu ya bahari, inafyonza mchanga na matumbawe pamoja, na kuvitema kwa bomba juu ya mwamba. Kilichofunikwa kimekufa siku hiyohiyo. Tope linaloelea huenda mbali zaidi ya eneo la ujenzi, likawanyima mwanga matumbawe ambayo hayakuguswa. Baruti ni mbaya, ndugu yangu, lakini haibaki pale miaka 50 ikiwa na lami juu yake.

"Ni China peke yake? Naona kama unaionea." (Msomaji, Dubai)

Siyo peke yake. Vietnam, Malaysia, Ufilipino na Taiwan wote wamejaza miamba kwa viwango tofauti, na Vietnam imeongeza kasi sana tangu 2021, ikitumia meli za aina hiyohiyo. China ndiyo ilifanya kubwa na kwa haraka. Uvuvi wa kupita kiasi ni wa wote: Rashid Sumaila na William Cheung wa University of British Columbia walikadiria mwaka 2015 kwamba akiba ya samaki imeshuka hadi kati ya asilimia 5 na 30 ya ile ya miaka ya 1950.

"Si kulikuwa na hukumu? Iliishia wapi?" (Wakili, Mombasa)

Ilikuwepo, na Mwafrika ndiye aliyeongoza jopo: Thomas Mensah wa Ghana, marehemu sasa. Ufilipino ilifungua shauri Januari 2013 chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, China ikakataa kushiriki, na uamuzi ukatoka tarehe 12 Julai 2016.

Magazeti yalishika habari ya mipaka. Wewe kama wakili soma sehemu ya mazingira. Jopo halikusema miamba ni ya nani, halikuwa na mamlaka hayo. Hata hivyo lilisema wajibu wa kulinda mazingira ya bahari unaibana nchi popote inapofanya kazi, hata kama umiliki haujaamuliwa. Likaona kwamba ujenzi wa visiwa ulileta madhara makubwa yasiyorekebishika kwa matumbawe, na kwamba wakuu wa China walijua wavuvi wao wanachukua chaza na kasa, wasiwazuie. Kuhusu Scarborough, lilisema wavuvi wa jadi wa mataifa mbalimbali, Wachina wakiwemo, wana haki ya kuvua pale. China ilisema uamuzi ni batili. Hakuna polisi wa kuutekeleza, lakini sasa hakuna anayeweza kudai kisheria kwamba maji yenye ugomvi hayana wajibu.

"Na yetu na Somalia je?" (Mvuvi, Lamu)

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 12 Oktoba 2021 na kuchora mstari wa mpaka wa baharini ulio karibu zaidi na dai la Somalia. Kenya ikasema haiutambui. Upande wetu kuna hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa 1979, yenye matumbawe, mikoko na nyasi za bahari ambazo nguva wachache waliobaki wanazitegemea. Mvutano huu haujawa wa kujaza miamba, shukrani kwa Mola. Kinachonitia wasiwasi ni doria: pale ambapo kila upande unaogopa kuonekana unavamia, meli kubwa za kigeni ndizo zinazopata nafasi. Kenya na Somalia zote ni wanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi. Takwimu za samaki wanaovuliwa zinaweza kupelekwa pale bila mtu kutia saini juu ya mpaka.

"Mkataba mpya wa bahari kuu utasaidia?" (Msomaji, Kigali)

Kwa migogoro hii, kidogo sana. Umeanza kutumika Januari 2026, nao unahusu maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Hauamui ugomvi wa mipaka, na uliandikwa hivyo makusudi.

"Kwa hiyo tusubiri mpaka wapatane?" (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Mkataba wa Antaktika wa 1959 ulisimamisha madai ya nchi saba bila kuyafuta, na mwaka 2016 nchi zinazosimamia uvuvi wa huko, China na Urusi zikiwemo, zikakubaliana hifadhi ya kilomita za mraba milioni 1.55 katika Bahari ya Ross. China na Vietnam zenyewe zilikuwa na eneo la uvuvi wa pamoja katika Ghuba ya Tonkin, kwa makubaliano yaliyoanza kutumika 2004. Hapo mpaka ulichorwa kwanza, kwa hiyo usiuchukue mfano huo mzimamzima. Kuanzia 1996 hadi 2007 wanasayansi wa Ufilipino na Vietnam walifanya safari nne za utafiti pamoja, wakipima matumbawe ya Spratly huku serikali zao zikidai miamba ileile. McManus amependekeza hifadhi ya amani kwa Spratly yote, madai yakiwekwa kando kwa muda. Hakuna serikali iliyoipokea, na kwa viwanja vya ndege vilivyokwisha jengwa sioni itakayoanza. Safari za utafiti za pamoja zingeweza kurudi hata mwakani. Zilihitaji meli moja, mitungi ya kuzamia, na mawaziri waliokuwa tayari kunyamaza kwa wiki kadhaa.