Kifuniko cha falka kikivuja kwenye boti ya alumini: kwa wewe unayeanza ufundi

Kazi ya vyombo niliianzia pwani ya Nungwi, mikononi mwa mjomba wangu, kwa nyundo, tindo na pamba ya kalafati. Mbao zina tabia zake: ukizishusha majini zinakunywa maji, zinavimba, na mianya midogo inajifunga yenyewe. Alumini haivimbi. Kitundu cha sindano ulichokikuta leo utakikuta mwakani palepale, ila kitakuwa kimezidi kuliwa. Naanza na hili kwa sababu vijana wengi wanaoshika boti hizi wametoka kwenye mbao au faiba kama nilivyotoka mimi, na mazoea ya kule huwaponza huku.

Boti yangu ya kwanza ya alumini ilikuwa ya kuvulia jodari na nguru katika mkondo wa Pemba. Sitahani ilikuwa na falka tatu, yaani matundu makubwa yenye vifuniko, mbili za samaki na barafu, na moja kwa nyuma iliyofunika tangi la petroli na pampu. Nahodha alilalamika kwamba kila ikinyesha usiku, asubuhi anakuta maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Nilitazama mara moja, nikaona raba imechakaa, nikaenda dukani kununua silikoni, gundi ya kuzibia, na kupaka pande zote. Baada ya wiki mbili maji yakarudi. Nikaongeza nyingine juu yake.

Nilipokuja kuibandua, kusi imeshapita, chini yake nilikuta vidonda na unga mweupe kama chokaa. Silikoni ile ya rahisi inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huila alumini. Tena huacha utando ambao rangi haishiki juu yake wala gundi nyingine haishiki. Nilikaa na msasa tangu asubuhi mpaka alasiri. Kosa lilikuwa langu: niliziba kabla ya kujua maji yanapita wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, kwanza tafuta. Ukiona tone linaning'inia chini ya sitaha usiamini kwamba pametoboka hapohapo. Maji hufuata ukingo wa boriti, yakatembea hata mita nzima kabla ya kudondoka. Wazee wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa maji ndivyo hasa: yaingie kwa mbele au kwa nyuma, utayakuta ngamani, na ngama haitakwambia yametoka upande gani.

Mimi huanza na chaki. Futa raba na ukingo wa falka vikauke kabisa, kisha paka chaki kwenye ukingo wote ambao raba inaukalia. Funga kifuniko, kaza makomeo kama nahodha anavyoyakaza, halafu fungua taratibu. Sasa inamisha uso uitazame raba kwa karibu. Mstari mweupe uzunguke wote bila kukatika. Palipokatika, raba haigusi. Palipokuwa na mstari mpana sana, raba imebanwa mno, na mara nyingi upande wa pili yake ndio unaovuja, kwa sababu kifuniko kimepinda. Vifuniko hupindishwa na watu kusimama juu yake na kutupia nanga. Ukibadilisha raba bila kunyoosha kifuniko umetupa pesa za mwenye chombo.

Baada ya chaki ndipo maji. Kausha ngama kwa tambara, mwenzako aingie ndani na tochi, wewe ubaki juu na mpira wa maji. Mwaga kuanzia chini: kwanza sitaha inayozunguka falka, dakika kadhaa upande mmoja, kisha ukingo, kisha bawaba, mwisho raba yenyewe. Ukianza juu maji yatateremka kote na hutajua lipi ni lipi. Mashine ya presha usiitumie, inapenyeza maji hata mahali ambapo wimbi halipiti.

Kwenye boti ile tuligundua kwamba raba haikuwa na makosa makubwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye skrubu za bawaba. Skrubu za stenlesi zikikaa ndani ya alumini, na chumvi ikiwa katikati yao, vinakuwa kama betri, na kinacholiwa ni alumini. Utaitambua kwa rangi iliyovimba kuzunguka kichwa cha skrubu, ukiikwangua unatoka unga mweupe, na skrubu inazunguka tu bila kushika. Dawa yake ni kuitoa, kusafisha tundu, na kama limepanuka weka bolti inayopita mpaka chini, yenye nati na kipande cha alumini cha kuisaidia. Chini ya kichwa weka washa ya plastiki, na tundu lote lijaze gundi ya polyuretheni. Kaza kidogo kwanza, iache gundi ishike, ndipo ukaze ya mwisho. Ukikaza sana mara moja unaikamua yote nje.

Kwa sababu hiyohiyo, burashi ya waya ya kusafishia iwe ya stenlesi na isitumike kwenye chuma cha kawaida. Ukikuta vipande vya waya wa shaba ngamani, vitoe vyote. Nimeona vimetoboa.

Usisahau mfereji unaozunguka falka. Kazi yake ni kupokea maji yaliyopita na kuyatoa nje kwa kitundu. Mwaga kata moja ya maji, yaondoke papo hapo. Niliwahi kuitwa kwenye falka iliyovuja msimu mzima, na tatizo lilikuwa fundo la mshipi na magamba ya changu kwenye kitundu hicho.

Ukilazimika kubadilisha raba, chukua ile ya povu lisilonyonya maji. Ijaribu kwa kuiminya ndani ya ndoo: ikikunywa maji kama sponji, irudishe dukani. Raba ya aina ya EPDM huvumilia jua na chumvi vizuri lakini haipatani na petroli wala dizeli, basi juu ya tangi weka ya aina ya neoprini. Kwenye pembe izungushe bila kuikata. Kiungo kiwe kimoja tu, katikati ya upande ulionyooka, upande wa bawaba. Ikibanwa robo ya unene wake inatosha. Na usijazie pengo kwa kitu kinachokauka kikawa kigumu kama jiwe. Kifuniko cha mita 1 hurefuka karibu milimita 1 kati ya baridi ya alfajiri na jua la saa nane, na kigumu chochote hapo kitapasuka.

Ufa kwenye maungio yaliyochomewa, mara nyingi kwenye pembe za falka, mpe fundi aliyebobea kwenye alumini. Na kabla ya moto wowote kuwashwa, petroli iondoke na mvuke wake upeperushwe utoke ngamani. Hapo usimwonee haya mtu anayekuharakisha.

Nasisitiza yote haya kwa sababu lita 200 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 200, na hazitulii. Chombo kikilala upande, zinakimbilia upande huohuo, na huko mkondoni wakati wa kusi kuna watu juu yake.

Boti ile tuliimaliza jioni. Nikatandika magazeti makavu chini ya falka zote tatu, tukamwaga ndoo kwa ndoo juu ya sitaha, tukaiacha. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nahodha ndiye aliyefungua, akayapapasa magazeti kwa kiganja mpaka pembeni, yalikuwa makavu, akamtuma kijana akalete barafu.