Drili ya zege: kabla hujatoa hela, jua ukuta wako

Swali linaloongoza kuulizwa ni "ninunue drili ya wati ngapi", na jibu langu ni lilelile, kwenye zege wati peke yake hazikusaidii, kazi inafanywa na nyundo iliyoko ndani.

Chukua bomba la pazia. Juu ya dirisha kwenye nyumba zetu nyingi pamepita lenta, zege na nondo ndani yake, sasa we unaanza kutoboa, plasta inaingia vizuri tu halafu ghafla biti inagoma, inazunguka palepale inapiga kelele mpaka inanuka moto, na watu hapo ndo wanaanza kuegemea na kifua. Shuka kwenye tofali uone, inazama fasta. Drili sio mbovu jamani.

Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo, ile ya kukaza biti kwa ufunguo, ndani ina sahani mbili za meno zinazorukiana, inagonga mara nyingi sana ila kinyonge, nguvu inategemea unavyosukuma. Kwa tofali inatosha kabisa. Rotari hama, yaani drili ya zege yenyewe, ina pistoni inayobana hewa, inagonga mara chache zaidi lakini kila pigo zito, unaishika tu inajilia yenyewe. Biti zake ni za SDS plus, mkia wa milimita 10 wenye mifereji, unachomeka inajifunga. Kama una matundu mawili ya pazia, kodi au azima, usinunue. Ukinunua, ndogo ya jouli 2 hadi 3 (kipimo cha uzito wa kila pigo) inatosha matundu ya nyumbani.

Rolplagi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, ya milimita 8 inataka biti ya 8, sio ya 10 "ili iingie kirahisi", italegea. Funga selotepu kwenye biti kuonyesha kina, zidisha kama milimita 10 kwa ajili ya vumbi, na vumbi lenyewe ulitoe kwa brashi au pampu, plagi ikikaa juu ya unga haishiki. Vaa miwani na barakoa, vumbi la zege lina silika, mapafu hayalipendi. Ukigusa nondo hamisha tundu, usishindane nayo, utaua biti. Kwenye marumaru zima nyundo hadi uivuke.

Na feni ya dari, tafadhali, sio rolplagi ya plastiki. Hiyo weka anka bolti ya chuma.