Ukimtazama Monika, Anzia Kazini Kwake

Kila ninapomwonyesha mtu filamu ya Ingmar Bergman, Sommaren med Monika ya mwaka 1953, ikiisha naulizwa lile lile: huyu mwanamke ana roho gani, kumwachia mume mtoto mchanga na kwenda zake?

Ushauri wangu: usikimbilie sehemu ya visiwani, wanakotorokea wapenzi hawa wawili. Kesi yote iko mwanzoni, kabla mapenzi hayajanoga. Monika ni kibarua kwenye stoo ya mboga, Stockholm, ambako wanaume wanamshikashika mchana kutwa. Nyumbani wamebanana, na baba akilewa anampiga. Harry, mpenzi wake ambaye baadaye ndiye mume huyo, yuko bohari ya vyombo vya kioo, anafokewa na kila mkubwa wake. Wanapochukua boti ya baba yake Harry na kutokomea, mimi siwaiti watoro. Wamechoka kuishi kwa amri za watu.

Na njaa inawafuata huko huko. Uyoga umewakinai, Monika anaingia kuiba kwenye nyumba ya wenye nazo, anakamatwa, anakalishwa mezani pao wakati polisi wanaitwa. Anakwapua nyama ya kuoka, mbio mpaka vichakani, anaitafuna kwa mikono. Harriet Andersson, anayemwigiza Monika, anaicheza sehemu hii kwa ukali ambao sijauona kwingine.

Tafuta nakala kamili. Mwaka 1955 msambazaji mmoja Marekani aliikatakata na kuiuza kama hadithi ya msichana mbaya. Ukiona hiyo, umeona uchi na uvumi tu.

Halafu nenda Malmö, Sweden, ya 1936, kwenye filamu ya Bo Widerberg, Kvarteret Korpen (1963). Anders, kijana wa mtaa wa makabwela anayetaka kuwa mwandishi, anamwacha Elsie na mimba yake, anapanda treni. Wengi niliotazama nao walimhurumia Anders, kwa kuwa ana ndoto. Monika naye alikuwa nazo, ila hakuwa na kipaji cha kumtetea.

Mkiwa wawili, malizieni na filamu ya Bergman tena, Hamnstad (1948), bandarini Göteborg. Berit wa kiwandani anamweleza mpenzi wake Gösta kwamba aliwahi kupelekwa shule ya marekebisho, na kwamba kulikuwa na wanaume kabla yake. Gösta anashindwa kuvumilia, anakwenda kulewa. Mkifika hapo simamisheni filamu, muulizane nyinyi mngefanyaje, ndipo muendelee.