Plaiwudi yenye rangi ya Daraja A si ukuta wa saa moja

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Namalizia nyumba ya ghorofa moja: chini duka la magodoro, juu tunaishi sisi. Stoo ya magodoro imepakana na ngazi. Fundi anataka kuitenga kwa plaiwudi iliyopakwa rangi ya kuzuia moto kutoka Marekani. Kopo limeandikwa Daraja A, 0–25, naye anasema hapo tumeshapata ukuta wa saa moja, yaani unaozuia moto kwa saa nzima. Nimwamini?

JIBU: Kwa hili usimwamini, na tafadhali simamisha kazi hiyo leo. Ngazi hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea usiku.

Zile 0–25 si dakika. Ni alama za jinsi miali inavyotambaa juu ya uso wa kitu. Wamarekani huzipata kwa kupachika sampuli kwenye dari ya handaki la mita 7.6 hivi, wakawasha gesi upande mmoja na kufuatilia miali kwa dakika 10. Kwa mizani hiyo bodi ya saruji ni 0 na mbao za mwaloni mwekundu ni kama 100. Daraja A huishia 25, B 75, C 200. Kinachotokea nyuma ya ubao hakipimwi kabisa.

Saa moja hutafutwa kwenye tanuri. Hujengwa ukuta kamili, pamoja na fremu, skrubu na maungio yake, kisha huchomwa upande mmoja kwa joto linalofika nyuzi za Selsiasi 840 hivi baada ya nusu saa na 925 baada ya saa. Ukuta umeshindwa ikiwa moto umepenya, ukuta wenyewe umeanguka, au upande wa pili joto limepanda kwa wastani wa nyuzi 140 hivi.

Majibu ya vipimo hivi yanaweza hata kupingana. Chuma kitupu uso wake hauwaki, lakini kikikaribia nyuzi 600 kimepoteza kama nusu ya nguvu zake na kinapinda na mzigo wake. Boriti nene ya mbao laini uso wake unawaka, lakini mkaa unaojitengeneza juu yake huulinda moyo: moto hula milimita 0.65 hivi za mbao kwa dakika, yaani kama sentimita 4 kwa saa. Ikiwa imepigiwa hesabu vizuri, itasimama. Plaiwudi yako haina unene huo.

Rangi yenyewe sio ya kudharau, maana kazi yake ni kupunguza mbio za miali juu ya uso. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, moto ulikimbia juu ya sponji iliyobandikwa ukutani na watu 100 wakafa. Sponji ile ni jamaa ya hiyo iliyomo kwenye magodoro yako, ndiyo maana nakusisitizia.

Jenga tofali za saruji za inchi 6 zilizopigwa plasta, mpaka zishike zege la juu. Zisiishie kwenye silingi. Ukitaka ukuta mwepesi, weka jipsamu maalumu ya moto ya milimita 15.9 pande zote mbili za fremu, kwa kufuata mchoro uliokwisha kupimwa, maungio yazibwe, na matundu ya mabomba na nyaya pia. Mlango wa stoo nao uwe umepimwa kwa moto na ujifunge wenyewe. Mchoro upeleke Zimamoto kabla hujanunua kitu.